Ugaidi nchi kama yetu tunauzuiaje? Tuanzie ile nyumba ya kupanga ya Ilala

Dalali wa Bungoni

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za Simba na Yanga.

Kazi yangu ni udalali wa vyumba na nyumba, Ilala na Buguruni, mwaka wa kumi na tisa huu. Juzi kijiweni ulizuka ubishi. Jamaa mmoja kasema ugaidi ni mambo ya wenye satelaiti na ndege zisizo na rubani, sisi maskini mchango wetu ni kuzika tu. Pale nilinyamaza kwa sababu kahawa alikuwa analipa yeye. Hapa silipiwi na mtu.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani hapa Dar ulipigwa bomu, sambamba na ule wa Nairobi. Nairobi walikufa 213, Dar 11. Kila mwaka tunakumbushwa Osama, Afghanistan, Sudan. Mimi kama dalali naikumbuka nyumba. Lile bomu halikushushwa na ndege. Lilitengenezwa Ilala, kwenye nyumba ya kupanga yenye uzio, baruti ikasagwa humo humo, ikapakiwa kwenye Nissan Atlas, gari likatoka getini kama linavyotoka gari la mzigo wa Kariakoo. Nairobi nako walipanga jumba Runda, na kuta ndefu.

Kwa hiyo kabla satelaiti haijaona kitu, nyumba ilishaonwa na mwenye nyumba, na jirani anayechota maji, na muuza genge wa kona ile, na mjumbe, kama alipita. Hawa hawalipwi na shirika lolote la kijasusi na ndio wa kwanza kuona. Nchi tajiri haina mtu huyo kwetu, na haiwezi kumnunua. Mchango wetu uko hapo.

Sasa kwa nini hasemi? Nawapa langu. Mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti na Rufiji, nilipangisha vijana watatu vyumba viwili. Walilipa kodi ya miezi sita bila kuomba kupunguziwa hata shilingi. Udalali wangu wote sijaona mpangaji wa uswahilini asiyelia bei. Daftari la mjumbe hawakutaka kuandikwa, mchana dirisha limefungwa, usiku pikipiki. Nikamwambia mjumbe. Mjumbe akawaambia wakubwa. Usiku ule wakabebwa vijana, akabebwa mwenye nyumba, nikabebwa na mimi. Kituo sikitaji. Nililala ndani siku mbili, naulizwa nimewajuaje, nimekula nao shilingi ngapi. Vijana wakagundulika ni wezi wa simu, chumba kizima simu. Mwenye nyumba hajawahi kunipa kazi tena, na mtaani nikaitwa jina ambalo hapa silitaji, moderata atalifuta.

Tangu siku hiyo mpangaji akilipa bila kulia bei, nachukua udalali wangu wa mwezi mmoja, naaga. Nasema ukweli wangu, nitukaneni.

Swali langu: mtu kama mimi mnamrudishaje?

---

Kobe Mwitu

Mleta mada, ile vita haikuwa yetu. Wakubwa wanagombana, sisi tunakanyagwa. Waende wakapigane kwao. Nchi maskini jukumu lake ni kutokuwa rafiki wa mtu yeyote kiasi cha kulengwa. Uganda ilipeleka askari Mogadishu 2007, Julai 2010 watu wanatazama fainali ya Kombe la Dunia Kampala wakalipuliwa, 74 wakafa. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, baada ya hapo wakashambuliwa Westgate, duka la Nairobi, wakashambuliwa Garissa. Kaa kimya uishi.

---

Dalali wa Bungoni

Kobe, nakuelewa, ila hesabu haikubali. Mwaka 1998 Tanzania ilikuwa imepeleka askari wapi? Na wale 11 waliokufa Dar, hata Mmarekani mmoja hakuwemo. Wamo walinzi wa geti, wetu. Kilichopunguza vifo ni gari la maji lililokuwa getini muda ule, likalizuia lile la bomu, likabeba kishindo. Nairobi mlinzi wa geti la nyuma, hana bunduki, alikataa kufungua. Kimya chetu hakikutuokoa. Tuliokolewa kidogo na bauza la maji na walinzi wa mshahara mdogo.

---

shemeji_wa_taifa

Nimesoma mpaka kwenye simu za wizi nikaacha kunywa chai 😂 Kwa hiyo mkuu ulikuwa dalali wa ghala la simu.

---

Umetumwa

Huu uzi unanukia. Umetumwa na nani?

---

Mtoto wa Ruvuma

Nimetumwa na mama kununua chumvi, nikaukuta uzi.

Wakuu, mnazungumza 1998, sisi wa Mtwara tunazungumza juzi. Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaingia kijiji cha Kitaya. Waliua, walichoma nyumba, wakarudi ng'ambo. Wanaoijua Ruvuma kwenye ramani wanaona mpaka. Sisi tunaona mto. Kiangazi kuna mahali unavuka maji hayafiki kiunoni. Wamakonde tupo pande zote mbili, shangazi yangu kaolewa Mueda, msiba ukitokea kule hatuombi viza. Serikali ilijenga Daraja la Umoja Mtambaswala, likafunguliwa 2010, jambo jema, lakini watu wa mtumbwi hawapiti darajani.

Vita ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, haikuanza na bunduki. Wazee wa huko wanajua. Kiliingia kikundi cha vijana misikitini, wanakataza watoto shule, wanawaita masheikh wazee makafiri, wanagoma kuswali nyuma yao. Viongozi wa Kiislamu wa mkoa ule waliwaendea wakubwa wa serikali, wakawaambia hawa watu ni hatari. Yaani taarifa ilitoka! Haikusubiri satelaiti. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vikavamiwa. Kwa hiyo Dalali, wewe unauliza mtu atasemaje. Mimi nakuongezea: akisema, nani anasikiliza?

Na jambo jingine ambalo watu wa Dar hamlijui. Mwanzoni mwa 2017, miezi michache kabla, wachimbaji wadogo wa rubi walifukuzwa Montepuez, huko huko Cabo Delgado, kwa virungu. Walikuwemo Watanzania wengi, wamerudi Mtwara na Ruvuma mikono mitupu, wengine na makovu. Simaanishi kila mchimbaji aliyefukuzwa aliingia msituni, msiniwekee maneno. Nasema kijana aliyepoteza kila kitu akikutana na mtu anayempa mtaji wa genge au wa duka la samaki bila riba, hamuulizi dini yake inasemaje. Mtaji ule ndio ndoano. Gesi ya Palma, mkoa ule ule, iligunduliwa, vijiji vikahamishwa, ajira wakapata wageni. Sisi wenyewe Mtwara 2013 tuliingia barabarani kwa ajili ya bomba la gesi kwenda Dar, tunajua moto ule unavyowaka kifuani.

Machi 2021 Palma ikaangukia mikononi mwa waasi. Julai Rwanda ikaleta askari 1,000, wakaja na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Watanzania wakiwemo. Mocímboa ikarudi mikononi mwa serikali Agosti. Sawa, bunduki ilihitajika, sikatai, mtu akishashika panga hupeleki semina. Ila miaka minne kabla ya hapo semina ilitosha, na mtaji mdogo, na mkuu wa wilaya mwenye masikio.

---

Dalali wa Bungoni

Mtoto wa Ruvuma, hapa umenitoa ushamba. Na Kibiti ilikuwa hivyo hivyo, wenyeviti wa vijiji na vitongoji ndio waliokuwa wanaanza kuuawa, kwa tuhuma kwamba wanatoa siri, mmoja baada ya mwingine, hadi Aprili 2017 walipouawa askari 8 kwa mara moja ndipo nchi nzima ikageuza shingo. Sasa fikiria wewe ni mwenyekiti wa kitongoji. Ukisema, wa msituni wanakuja usiku. Usiposema, wa serikali wanakuja usiku. Mlango ni ule ule.

---

Binti Mvita

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mie niko Mombasa, huwa nasoma kimyakimya, leo yamenifika.

Nyie watu wa Bara mwajua ya kwamba sisi Kenya twaliwaiga? Baada ya Westgate, Septemba 2013, watu 67 wamekufa ndani ya duka, serikali yetu ikaleta Nyumba Kumi. Jina na wazo zima latoka kwenu, ile balozi wa nyumba kumi ya enzi za TANU. Tukaambiwa kila mtu amjue jirani yake. Wazo zuri. Lakini Aprili 2014 ikaja ile operesheni ya Eastleigh, Nairobi, Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakafungiwa uwanja wa Kasarani, wengine na watoto. Wenye pesa wakajitoa, wasio nazo wakakaa. Asubuhi waniambia nikupe habari za jirani, jioni wamzoa jirani na mamake na kitambulisho chake halali mfukoni. Nani atakuja kwenye baraza la chifu kesho?

Kule kwetu tuliona pia masheikh waliokuwa wakisema maneno makali wakipigwa risasi barabarani. Aboud Rogo 2012, Makaburi 2014. Maneno yao mie siyapendi, na nilikuwa na binamu aliyeanza kuyapenda. Lakini aliyewaua hakujulikana, na mahakama ndiyo iliyokuwa na kesi zao. Alipokufa Rogo mji uliwaka siku kadhaa, makanisa yakachomwa. Vijana waliokuwa wakisikiliza kanda zake kwa mashaka, wakaanza kuzisikiliza kwa hasira. Yule binamu mamake alimpakia basi la Nairobi akauze viatu Gikomba, ndivyo alivyopona. Serikali haikuhusika hata kidogo na kupona kwake.

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa, kupitia UNDP, walitoa utafiti wa kuwahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi haya Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Watu wa usalama wakiisoma hiyo waudhika. Mie nilipoisoma nilimwona binamu.

Sasa niwape la upande wa pili, msije mkadhani kwetu ni kilio tu. Disemba 2015 basi latoka kwenda Mandera, likasimamishwa karibu na El Wak. Al-Shabaab wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja nyuma walifanya hivyo hivyo, wakawaua wasio Waislamu. Safari hii abiria wakakataa. Akina mama waliwavisha wenzao mitandio. Wakasema, tuueni sote au mtuache. Alikuwemo mwalimu, Salah Farah, Mwislamu, akapigwa risasi, akafa Januari hospitalini. Serikali ikamtunuku nishani. Hakuna aliyewafundisha semina wale abiria. Walikuwa wamepanda basi moja tu.

---

Kobe Mwitu

Dada, hilo la basi limenikaa. Nabaki na msimamo wangu kuhusu majeshi, ila hilo limenikaa.

---

Karani wa Dirisha la Tatu

Mnasahau pesa. Niko benki, jina la benki halihusu.

Shambulio la kigaidi ni rahisi kuliko harusi ya Mikocheni. Mapanga na pikipiki yanagharimu nini? Kwa hiyo dunia inatubana kwenye mkondo wa pesa. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wanaosimamia utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi. Tumetoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Miaka ile karibu mitatu, mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipa mzigo Guangzhou aliulizwa maswali ambayo hata mkewe hajawahi kumuuliza, na malipo yakakaa siku nne njiani. Watu walinitukana dirishani, mimi nafuata fomu.

Sipingi udhibiti. Bila hivyo pesa zinapita tu. Ila fomu zinambana mwenye risiti. Yule wa kumpa kijana mtaji wa genge mkononi, noti za elfu kumi ndani ya bahasha, hajawahi kuniona na hatakuja kuniona. Anayemwona ni wakala wa pesa za simu pale stendi, na huyo anaogopa kama Dalali anavyoogopa.

---

Pilato wa Kisutu

Wakuu, niingie upande wa sheria, kwa kifupi kadiri wakili anavyoweza.

Baada ya Septemba 2001 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1373, kila nchi ikaagizwa iwe na sheria. Sisi na Uganda tukatunga 2002, Kenya ikagomagoma, wabunge na Waislamu wakipinga rasimu, hadi 2012. Sheria tunazo. Tatizo ni matumizi. Kesi ya ugaidi ya masheikh wa Uamsho, wa Zanzibar, ilifunguliwa 2014, upande wa mashtaka ukaiondoa Juni 2021, watu wamekaa rumande miaka yote hiyo bila hukumu. Mwezi uliofuata Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati ule, akakamatwa Mwanza, akaja kusomewa ugaidi, Machi 2022 kesi ikafutwa nayo. Sisemi chochote kuhusu kilichokuwa moyoni mwa mtu yeyote. Nasema neno ugaidi likiwekwa kwenye hati ya mashtaka kisha likatolewa bila hukumu, mara ya tatu mwananchi akilisikia anacheka. Siku likiwa la kweli tutamwita nani?

Halafu kuna mfano ambao nchi zetu hazijivunii inavyopaswa. Mmoja wa wale wa nyumba ya Ilala, Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa Zanzibar, alikimbilia Cape Town akawa anafanya kazi mgahawa wa baga. Oktoba 1999 akakamatwa, wakamkabidhi kwa Wamarekani chapchap, bila kudai ahadi kwamba hatanyongwa. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali yake yenyewe imevunja sheria, ikaagiza hukumu ipelekwe New York. Juri hawakukubaliana kumuua, akapata kifungo cha maisha. Yuko ndani mpaka leo. Nchi ya Afrika ilisaidia kumkamata gaidi, kisha ikajisuta yenyewe mbele ya Marekani, na mtu bado akafungwa. Mnaosema haki inachelewesha vita dhidi ya ugaidi, imechelewesha nini hapo?

---

Umetumwa

Hata huyu katumwa.

---

Mama Abdul Tandika

Dalali mwanangu, mimi nilikuwa mjumbe Tandika miaka kumi na mbili. Kuna kitu unakiruka. Mjumbe ni wa chama. Sisi mabalozi tuko chini ya shina la CCM, serikali ya mtaa ni kitu kingine. Kijana wa upinzani haji kwangu hata kama kaona bomu sebuleni, ataona anampelekea adui umbea. Zamani chama kilikuwa kimoja, mambo yalienda. Tangu 1992 vyama vingi, mjumbe kabaki na daftari, watu hawapo.

Na kwa nini walikulaza ndani? Kwa sababu mjumbe wako alitaja jina lako. Mimi sikuwahi kutaja jina la aliyeniambia. Nilisema "nimeona mwenyewe". Mara mbili walinishikilia hivyo hivyo, mzee wenu akaleta uji. Lakini watu walijua Mama Abdul hataji, wakawa wanakuja. Wengine walikuja kuniambia mtoto wangu mwenyewe anavuta bangi.

---

Dalali wa Bungoni

Mama, shikamoo. Nimesoma mara tatu.

Nikiwajumlisha wote, naona swali langu lilikuwa na mlango mmoja na nyumba ina minne. Ila hili la kutotaja jina ndilo limenipiga. Kenya wameiga nyumba kumi, sawa, Binti Mvita, lakini mmeiga daftari. Mama Abdul hamkumwiga, na sisi wenyewe hatukumbakiza. Kumlinda mtoa taarifa hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Afisa mmoja tu anayejua kwamba aliyeleta habari si mtuhumiwa wa kwanza.

---

shemeji_wa_taifa

Tuache utani sasa. Dalali, kesho akija mpangaji, miezi sita taslimu, hakulia bei, dirisha limefungwa. Unafanyaje?

---

Dalali wa Bungoni

Nimekaa na swali lako tangu saa mbili usiku.

Kupiga simu sipigi. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kidole changu kiko pale. Barua siandiki, mwandiko wangu mtaa mzima unaujua kwa yale mabango ya "chumba kinapangishwa".

Nitaiacha simu kitandani, nitavaa kandambili, nitapanda daladala hadi Tandika kwa Mama Abdul. Siyo mjumbe tena, najua. Mama, ukisikia hodi saa nne usiku usiogope.

---

Mama Abdul Tandika

Mlango wa nyuma. Wa mbele mbwa wa jirani ana kelele.